Waganga Watatu Waliokwenda Mwezini

Kitabu cha kwanza alichochapisha yule mama mwenye duka la uchapaji kilisema kwamba waganga watatu wa Marekani walipanda roketi wakaenda mwezini, wawili wakashuka na kutembea huko, na wote wakarudi nyumbani salama. Kule Kitui hakuna msomaji aliyeshangaa. Mzee mmoja alisafiri kutoka Ikutha hadi mjini kuuliza kama kati ya hao watatu kuna anayetibu ng'ombe, na alikasirika kweli alipoambiwa kwamba hawapatikani kwa simu.

Kosa lenyewe lilitokea hivi. Yeye alikuwa akisoma kwa sauti, mpiga chapa wake akiandika anachosikia, na katikati yao mashine ikinguruma. Neno lilikuwa "wanaanga". Huyo mpiga chapa hakuwa amelisikia neno hilo maishani mwake, lakini "waganga" alilijua tangu utotoni, kama sisi sote tuliozaliwa Ukambani, ambao tukienda Nairobi tunataniwa kwa uganga hata tukiwa walokole wa kufunga na kuomba. Basi akaandika alichokijua, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja mjini, na nilikuwa nimekwenda kwenye duka lake kuchapisha mtihani. Nikakiokota kitabu kwenye kaunta, nikasoma nikisubiri, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Samahani."

"Basi vuta kiti ukae hapo unionyeshe yote."

Nilikaa. Mtihani wangu ulichelewa, wanafunzi wakafurahi, na tangu siku hiyo nikawa msomaji wake wa kusahihisha, kazi ambayo sikuiomba na ambayo malipo yake yalikuwa chai na matusi madogo madogo.

Hakukubali kuvitupa vitabu vile. Alichapisha vipande vidogo vya karatasi vyenye neno "wanaanga", akatuketisha mimi na mpiga chapa tuvibandike juu ya kila "waganga". Tulibandika mpaka vidole vikashikana. Lakini gundi ilikuwa ya bei rahisi na jua la Kitui mnalijua, kwa hiyo vipande vilianza kukunjamana na kudondoka, na watoto wakagundua mchezo wa kuvibandua kuona kilichofichwa chini. Nadhani hakuna kitabu cha historia kilichowahi kuchunguzwa kwa bidii namna ile. Mwalimu mkuu wa shule moja ya kanisa kule Matinyani alivikusanya vyote, akavifungia kabatini, akaviombea kwa wiki nzima kabla ya kuvirudisha.

Ukimwita mchapaji alikuwa anakukatiza. "Mchapaji ni hiyo mashine. Mimi ni mchapishaji." Nilidhani ni majivuno, mpaka siku nilipomsindikiza shule ya msingi na mwalimu wa zamu akawaambia watoto, "Leo tumetembelewa na mchapaji mkubwa kutoka Kitui." Darasa zima likaficha mikono chini ya dawati. Tangu hapo na mimi nikawa namwita Mchapishaji, na huku kwetu wengi hawamjui kwa jina lingine.

Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akipewa karatasi yoyote, hata risiti, kwanza ataisugua kwa kidole gumba, halafu ainuse, ndipo aisome. Alijua kila chombo kilichowahi kubeba mtu kwenda juu, na waliokuwa ndani yake, na walikula nini. Lakini yeye mwenyewe aliogopa kwenda juu kokote. Duka lake lilikuwa chini kabisa kwenye jengo la ghorofa, na mwenye nyumba alipompa chumba kikubwa zaidi ghorofa ya kwanza, kwa kodi ile ile, alikataa. Nilimuuliza kwa nini.

"Kule juu kuna nini?" akasema.

"Mama, wewe ndiye unayewaambia watoto kuhusu mwezi!"

"Nawaambia. Sijasema nataka kwenda."

Kanisani kwao alikuwa akisimama kila Jumapili, wakati wa maombi, na kuwaombea "wale ndugu zetu walio juu", akiwa na maana ya wale wanaozunguka dunia kwenye kituo cha angani. Waumini waliitikia amina kwa nguvu, wakidhani anawataja marehemu. Mchungaji alipokuja kuelewa, baada ya miaka, alimwomba awe anafafanua. Akafafanua, na amina zikapungua.

Riziki yake haikutoka angani hata kidogo. Ilitoka kwenye mazishi. Programu za mazishi za nusu ya Kitui zilipita mikononi mwake: picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu, utaratibu wa ibada, nyimbo, shukrani za familia. Watu walikuja na simu zenye picha mbaya, marehemu amekatwa kichwa nusu kwenye harusi ya mtu mwingine, naye atamtafuta humo, amtoe, amnyooshe kola, amrudishe akiwa mzima. Huku mazishi hufanywa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu mpaka Alhamisi duka lilijaa watu wa macho mekundu. Programu za mwisho zikishachukuliwa Alhamisi jioni, anafagia, anafua vitambaa vya meza, na Ijumaa anafungua mafaili ya kitabu chake. Ijumaa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa akiimba.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya yule Mrusi, mtu wa kwanza kabisa kwenda angani, aliyeizunguka dunia halafu akashuka kwa parachuti kwenye shamba ambako mama mmoja na mjukuu wake walikuwa wakipanda viazi. Wakaogopa, maana mtu mwenyewe alikuwa na nguo za rangi ya machungwa na kichwa cha duara. Akawaambia wasiogope, yeye ni mtu wa hapo hapo, na akauliza simu iko wapi. Mpaka hapo ni kama ilivyosimuliwa duniani kote. Lakini kwenye maandishi ya Mchapishaji yule mama alimkaribisha kwanza nyumbani, akamnawisha, akampa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe.

"Mama, Urusi hakuna muthokoi," nikamwambia, kalamu mkononi.

"Andika chakula basi."

"Hata chakula hakikutajwa."

"Hakikutajwa kwa sababu walioandika ni wanaume. Wewe mgeni ametoka huko juu, ameanguka kwa shamba yako, utampeleka kwa simu na njaa? Hao ni watu gani?"

Tulivutana Ijumaa nzima. Kitabu kilitoka kikisema "akapewa kitu kidogo cha kula", na sijawahi kupata wa kuniambia kwamba si kweli.

Shuleni ndiko alikokuwa na mambo. Kueleza jinsi chombo kinavyoizunguka dunia bila kuanguka, alichukua kikombe cha maji, akakiweka ndani ya kiondo chake cha kusuka, akashika mkanda na kukizungusha juu ya kichwa chake kwa nguvu. Maji hayakumwagika. Watoto walipiga kelele, na walimu pia. Kule Ikutha mkanda ulikatika. Kiondo kilitoka kwa dirisha, kikapita juu ya ua, kikatua katikati ya mbuzi waliokuwa wakipelekwa mnadani, nao wakatawanyika kila upande. Tulibaki tumeshika vinywa. Yeye aliutazama ule mkanda uliobaki mkononi, kisha akawageukia watoto.

"Ndiyo maana mnaambiwa mkaze kamba," akasema. "Nani ataniletea kikombe changu?"

Na siku moja alimpigia simu mwalimu mkuu wa shule iliyo nje kidogo ya mji, akasema anakuja kuongea na watoto mambo ya mwezi. Mwalimu mkuu alishukuru sana. Tulipofika tulikuta wavulana wote wamefukuzwa waende uwanjani, na ukumbini wasichana watupu wamekaa kimya, wameinamisha vichwa, matroni amesimama mlangoni kama askari.

"Wavulana wako wapi?" Mchapishaji akauliza.

"Si haya ni mambo ya wasichana, mama?" akasema mwalimu mkuu, akishusha sauti. "Na sodo ziko kwa gari?"

Mchapishaji akanitazama. Mimi nikatazama dari. Baadaye jirani yake wa duka, mfanyabiashara Mwislamu ambaye familia yake ilitoka Pwani zamani, alitueleza akicheka kwamba kwao mwanamke akisemwa ameingia mwezini kila mtu anaelewa, na si roketi. Lakini pale ukumbini hatukuwa na wa kutueleza. Basi Mchapishaji akaweka kiondo chini, akakunja mikono.

"Sawa," akasema. "Nitawaambia ya mwezi na mwezi. Wamarekani walipotaka kupeleka mwanamke wao wa kwanza huko juu, mainjinia karibu wote walikuwa wanaume. Safari ni ya wiki moja. Wakajiuliza, sasa huyu dada tumpakie sodo ngapi? Wakamuuliza: mia moja zitatosha?"

Msichana mmoja nyuma akarudia kwa sauti ndogo, "Mia?" Ukumbi ulilipuka. Matroni alijifuta macho kwa aproni. Wavulana walikuja wakining'inia madirishani kuona kinachochekwa na hakuna aliyewaambia. Kuanzia hapo tukienda shule yoyote tulibeba vitabu na sodo, ambazo yule jirani alizitoa kwenye duka lake bila kuombwa mara mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugombanisha. Katika kitabu chake kulikuwa na Warusi, Wamarekani, Wachina, mwanamke wa kwanza, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo akaelea. Kulikuwa na mbwa na nyani. Lakini hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekufa. Na wewe na mimi tunajua kwamba wapo. Nilimwambia mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili nilimwambia kwamba historia isiyo na vifo si historia. Alikuwa akikata karatasi na hakuinua kichwa.

"Mwalimu, mimi vifo nachapisha Jumatatu mpaka Alhamisi. Hiki ni kitabu cha Ijumaa. Ijumaa hakuna mtu anakufa."

Mtu aliyeleta jambo hilo mezani kwa nguvu ni mwalimu mkuu wa shule moja ya Kikima, kule Mbooni. Watu wa Mbooni wanamsikiza huyo. Akichukua kitabu, shule za jirani zinachukua. Na hicho ndicho Mchapishaji alichokitaka kuliko kitu chochote, kitabu chake kiingie madarasani kikae, si kupita na kiondo siku moja na kuondoka. Tulikwenda Kikima. Mwalimu mkuu alikisoma mbele yetu, taratibu, akikunja kurasa vizuri.

"Mama, hii ni kazi nzuri," akasema. "Lakini Gredi ya Sita hapa walizika mwalimu wao muhula jana. Na hawa watoto wana simu nyumbani, wameona ile chombo ikipasuka. Nikiwapatia kitabu watu wanapanda moto na hakuna mtu anakufa, hawataamini hata ile ya mwezi. Weka wale walikufa. Nitachukua ya shule mzima, na hao wa shule za jirani nitawaambia mimi mwenyewe."

"Programu ya huyo mwalimu ni mimi nilichapisha," akasema Mchapishaji. "Kwa picha alikuwa anacheka. Hawa watoto wamebeba hiyo karatasi mpaka kaburini. Sasa niwaletee ingine?"

"Si ingine, mama. Ni ukweli."

"Ukweli wanao."

Tukarudi na vitabu vyetu. Njiani nilimwambia kwamba mwalimu mkuu ana haki. Akaniambia niteremke nitembee kama nataka. Baadaye, karibu na Machakos, akasema bila kunitazama kwamba mmoja wa wale waliokuwa kwenye kile chombo kilichopasuka alikuwa mwalimu, mwanamke, na wanafunzi wake walikuwa wamekusanyika kumtazama kwenye runinga. "Hiyo utaieleza kwa hilo darasa na mdomo gani?" akaniuliza. 

Kisha lile pete la chuma likaanguka Makueni. Wakenya wote walilisikia kwenye habari, pete kubwa kupita mlango wa nyumba, kipande cha roketi, limetoka juu likatua vichakani. Sisi tulilisikia kabla ya habari, kwa sababu Mchapishaji alipigiwa simu na mtu wa upande huo, kutoka kijiji ambacho tuliwahi kutembelea shule yake.

"Mama wa roketi? Kitu yako imeanguka huku. Kuja uichukue."

Tulipofika, siku chache baadaye, maafisa wa serikali walikuwa wamelichukua. Palibaki vichaka vilivyovunjika na umati wa watu waliokuwa wakimsubiri yeye. Mmoja nyumba yake ilikuwa imepasuka ukuta. Mwingine ng'ombe wake hatoi maziwa tangu mshindo ule. Mwingine alisema jogoo wake anawika saa nane mchana.

"Jamani, mimi nachapisha vitabu tu!" akalalamika Mchapishaji.

"Wewe si ulisema kwa shule hii safari ni yetu sote?" akamjibu mwenye jogoo. "Basi lipa."

Nilikuwa nimeinama kwa kicheko. Ndipo mama mmoja mzee sana akapenya katikati ya watu, akamshika Mchapishaji mkono.

"Mwaitu," akamwambia, yaani mama yangu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. "Na wale walikuwa wamepanda hiyo kitu, mliwapata?"

"Haikuwa na watu, mwaitu. Ilikuwa chuma tu."

"Ngai ashukuriwe. Mimi siku hiyo nilitafuta kwa hii misitu mpaka giza. Nilijua lazima kuna mtoto wa mtu."

Mchapishaji aliendelea kumshika mkono mpaka tulipoondoka. Mimi kicheko kilikuwa kimeniisha.

Muda mfupi baada ya hapo nilihamishiwa Makueni, na tukabaki watu wa simu. Simu nazo zikawa chache. Nilimkosa sana mama yule, naomba niseme hivyo wazi. Ijumaa zangu zilikuwa tupu. Mwaka uliofuata akanipigia ghafla.

"Mwalimu, kesho kuja Kikima."

Nilimkuta uwanjani pa shule ile ile, amekonda, ameshika fimbo, sauti ikiwa ile ile. Mwalimu mkuu alikuwa amekubali aongee na darasa lile lililozika mwalimu wake, ambalo sasa lilikuwa limepanda gredi moja pamoja na mwalimu aliyelirithi, msichana mwembamba aliyekaa nyuma kabisa karibu na ukuta. Juu ya kitabu hakuna kilichokuwa kimebadilika. Mwalimu mkuu alikuwa na msimamo wake, naye alikuwa na wake, na nilidhani nimeitwa kuangalia wakishindana tena.

Alisimulia vizuri sana siku hiyo. Viazi, simu, kitu kidogo cha kula. Walicheka walipopaswa kucheka. Alipomaliza, kijana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Madam, na wote walirudi?"

Mchapishaji alimtazama mwalimu mkuu aliyesimama mlangoni. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. Hakuwa amemtuma mtoto. Basi Mchapishaji, ambaye sijawahi kumwona akiongea na darasa akiwa ameketi, akavuta benchi la dawati la mbele, akawaambia watoto wasogee, akakaa katikati yao.

"Hapana," akasema. "Wengine hawakurudi."

Akawaambia. Hakuharakisha. Alimtaja kila mmoja jinsi alivyozoea kuwataja watu wa programu zake: huyu alikuwa mume wa fulani, huyu alipenda kuimba, huyu aliacha watoto wawili. Alipofika kwa yule mwalimu wa kile chombo hakumruka. Alisema alikuwa mwalimu. Alisema darasa lake lilikuwa linatazama. 

Halafu yule kijana akauliza tena, polepole.

"Na hiyo darasa, walipewa mwalimu mwingine?"

"Sijui," akasema Mchapishaji.

Watoto wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama mwalimu wao aliyekaa karibu na ukuta. Akasimama. Alikuwa amekunja mikono mbele ya sketi.

"Lazima walipewa," akasema. "Na huyo mwalimu mpya, siku ya kwanza, aliogopa kuingia."

"Hata wewe uliogopa, madam?"

"Nilisimama hapo nje mpaka kengele ya pili."

Msichana mmoja akasema, "Sisi tulikuona," na darasa likacheka, kicheko kidogo cha watu waliokuwa wameweka siri muda mrefu. Mwalimu naye akacheka, akijifuta pua kwa mgongo wa mkono.

Mwalimu mkuu aliniinamia sikioni akaniuliza kama haya nayo yatakuwa kitabuni.  Mchapishaji alikuwa ametupa mgongo, mtoto mmoja amemwegemea begani, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Yataingia," akasema.